Kalenda ya pamoja bila kuanika mambo yako: ipi inafaa kwa nyumba, kamati na ofisi za Dar

Ukimuuliza mkazi wa Dar kwa nini hataki kalenda ya pamoja, ni nadra akutajie seva za Marekani. Atakwambia hataki shemeji ajue kila anakokwenda, au bosi agundue kwamba Alhamisi ana usaili kwingine. Hofu hiyo ndiyo tuliyoifanya mizani ya kupimia kalenda saba: Google Calendar, iCloud ya Apple, Outlook, TimeTree, Proton Calendar, Tuta na Nextcloud. Simu tulizozifikiria ni zile zilizojaa kwenye daladala: Tecno, Infinix, Samsung za bei ya kati na iPhone za mtumba.

Hukumu tunaitoa mapema ili mwenye haraka asihangaike. Kwa familia na kamati nyingi Google Calendar inatosha, kwa sharti moja: usimfungulie mtu kalenda yako. Tengeneza nyingine, tupu, na hiyo ndiyo mshirikiane. Anayebeba siri za watu, kama mwanasheria, mhudumu wa afya, mshauri nasaha au mwandishi wa habari, aende Proton au Tuta na akubali kulipia. iCloud ni nzuri kwa nyumba yenye iPhone tupu. TimeTree inawafaa wawili wasiofichana. Outlook ni ya kazini, Nextcloud ni ya mwenye fundi wake.

Unamficha nani?

Kuna watu wa aina tatu wanaoweza kuiona kalenda yako. Wa kwanza ni wale uliowaalika mwenyewe. Wa pili ni yeyote anayeshika simu yako au kuichungulia ikiwa mezani. Wa tatu ni kampuni inayotunza kalenda hiyo, pamoja na programu nyingine zilizomo simuni. Matangazo ya "faragha" karibu yote yanamzungumzia huyu wa tatu, ilhali aibu nyingi mjini hutoka kwa wawili wa mwanzo.

Chukua mstari mmoja tu: "CTC, 9:00", yaani kliniki ya watu wanaoishi na VVU. Herufi tatu, na aliyeuona ameshajua kuhusu afya yako jambo ambalo pengine hata mama yako hujamwambia. "Mahakama ya Mwanzo" ni hivyo hivyo. "Usaili, Masaki" ni hivyo hivyo. Hakuna usimbaji fiche (kuyafunga maneno yasisomeke na asiye na ufunguo) unaoweza kukuokoa na kichwa cha tukio ulichokiandika wewe na kukishirikisha wewe. Kwa hiyo kabla ya kuchagua programu, chagua namna ya kuandika. Kwenye kalenda ya pamoja tukio la binafsi liitwe "Sipo", maelezo yabaki kwenye kalenda yako.

Hata "Sipo" ina ulimi wake. Ukiwa haupo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa 3 hadi saa 5 asubuhi, mtu makini ataunganisha. Dawa yake ni kuziba muda mpana kuliko unaouhitaji, nusu siku badala ya saa mbili, na kuacha kutumia tukio la kujirudia kwa jambo nyeti. Liandike moja moja.

Akaunti moja ya Gmail ya nyumba nzima

Njia inayotumika sana Dar kushirikiana kalenda ndiyo mbaya kuliko zote: inafunguliwa Gmail moja ya familia, neno la siri linaandikwa kwenye grupu la WhatsApp, kila mtu anaingia nayo kwenye simu yake. Ni rahisi, haina mwaliko wala ruhusa. Lakini kilichoshirikiwa hapo ni akaunti nzima: barua pepe, namba za simu zilizohifadhiwa, picha kama nakala rudufu imewashwa, maneno ya siri ambayo Chrome imeyahifadhi, yaliyotazamwa YouTube, na mahali simu ilipo kwa kutumia huduma ya kutafuta simu iliyopotea. Mtoto wa kidato cha pili aliyeingizwa humo anaweza kusoma miamala ya benki inayotumwa kwa barua pepe. Na kwa kuwa wote ni "mtu mmoja" machoni mwa Google, hutajua nani kafuta tukio, wala huwezi kumtoa mmoja bila kubadili neno la siri na kuwatoa wote.

Sura yake nyingine ni akaunti iliyofunguliwa na fundi wa Kariakoo siku simu iliponunuliwa. Kama neno la siri na namba ya kurejesha akaunti ni za fundi, kalenda hiyo si yako. Rekebisha hilo kwanza, halafu ndiyo urudi kwenye makala haya.

Google Calendar: karibu kila mtu anayo, wachache wameifungua vizuri

Uzuri wake ni kwamba kila mwenye Android na Gmail tayari anayo, kwa hiyo humlazimishi mtu kupakua kitu kipya kwa bando lake. Ubaya ni kwamba sehemu ya ruhusa imefichwa mbali. Kazi ya kuanzisha na kushirikisha ifanyie kwenye kivinjari. Kama huna kompyuta, fungua Chrome kwenye simu, gusa vitone vitatu juu kulia, weka alama kwenye mwonekano wa kompyuta, kisha nenda calendar.google.com. Maandishi yatakuwa madogo, ila kila kitufe kitakuwepo.

Upande wa kushoto, penye kalenda nyingine, kuna alama ya kujumlisha. Igonge, chagua kuunda kalenda mpya, ipe jina lisilosema mengi ("Nyumbani", "Kamati"), hakikisha saa za eneo ni za Afrika Mashariki, kisha iunde. Rudi kwenye mipangilio, ichague kalenda hiyo mpya kwa jina lake, shuka hadi sehemu ya kuishirikisha kwa watu maalumu, andika barua pepe ya kila mmoja na umpe ngazi yake. Ngazi ziko nne, na hapa ndipo watu wanapokosea.

Ya chini kabisa humwonyesha mwenzako kama una nafasi au huna, bila vichwa wala mahali. Hiyo ndiyo ya kumpa bosi, mteja, au ndugu anayetaka tu kujua aje lini. Ya pili huonyesha maelezo yote ya matukio bila kuyagusa: iwafae wajumbe wa kawaida wa kamati na vijana wakubwa nyumbani. Ya tatu humruhusu mtu kuongeza, kubadili na kufuta matukio, basi mpe katibu au mwenzi wako. Ya nne huongezea mamlaka ya kushirikisha wengine, maana yake anaweza kumkaribisha mtu usiyemjua na kukuachia wewe ushangae. Mpe mmoja tu, wa akiba, ili simu yako ikiibiwa kalenda isife nayo.

Kuna mtego kwenye alama ya "faragha" ya tukio moja moja. Wengi hudhani wakiiweka, hakuna mwingine atakayeona. Ukweli ni kwamba mwenye ngazi ya kwanza na ya pili ataona tu kwamba una shughuli, lakini mwenye ngazi ya tatu na ya nne atalisoma tukio lote kama kawaida. Kwa hiyo mume na mke waliopeana ruhusa ya kuhariri hawana tukio la faragha ndani ya kalenda hiyo, hata wakiweka alama hiyo mara mia. Ndiyo sababu tunang'ang'ania kalenda mbili.

Mtego wa pili ni orodha ya waalikwa. Ukiwaalika watu 40 kwenye tukio moja kwa barua pepe zao, kwa kawaida kila mmoja ataziona barua pepe za wengine na anaweza kualika wengine pia. Chini ya orodha hiyo kuna visanduku vya ruhusa za waalikwa. Ondoa alama kwenye kuona orodha na kwenye kualika wengine kabla hujatuma, kwa sababu barua ikishatoka haina breki.

Wa tatu ni kiungo. Mipangilio ya kalenda ina chaguo la kuifanya ya umma, na ukilibonyeza kalenda hiyo inaweza kuonekana hata kwenye utafutaji wa Google. Usiliguse. Chini zaidi kuna anwani ya siri ya muundo wa iCal. Yeyote aliye nayo husoma kalenda nzima bila kuingia kwenye akaunti yoyote. Inatumika kuunganisha programu nyingine, na hutokea ikabandikwa kwenye grupu na mtu aliyedhani ni kiungo cha kujiunga. Ikishavuja, bonyeza kitufe cha kuiweka upya palepale: anwani ya zamani hufa. Ujue pia kwamba kalenda inayofuatwa kwa njia ya anwani huchelewa kujisasisha, saa kadhaa au hata siku nzima, kwa hiyo haifai kwa kikao kilichohamishwa asubuhi hii.

Malalamiko ya "nimemwalika lakini haioni" huwa na sababu tatu. Hajabonyeza kiungo kilichokuja kwenye barua pepe yake (mara nyingi kipo kwenye taka). Au kalenda ipo lakini haina alama ya tiki kwenye menyu ya pembeni ya programu. Au anatumia iPhone na kalenda ya Apple yenyewe, na hapo inabidi aingie calendar.google.com/calendar/syncselect na kuweka tiki kwenye kalenda alizoshirikishwa, la sivyo hazitaonekana kamwe.

Mawili ya kuzima au kubadili kabla hujaondoka kwenye mipangilio. Google husoma barua za Gmail zenye tiketi za ndege na hoteli na kuziweka zenyewe kwenye kalenda yako kuu. Kama safari zako ni siri yako, zima. Na kwenye mialiko, chagua iingie ile ya watu unaowafahamu tu. Bila hivyo, matapeli wa "umeshinda zawadi" huingia hadi kwenye kalenda, na kengele ikalia saa 8 usiku.

Google wenyewe wanaweza kuona? Data husimbwa njiani na kwenye seva zao, lakini kwenye akaunti ya kawaida funguo wanazo wao. Kwa ratiba ya kliniki ya mtoto na mahafali, wengi wanaweza kuishi na hilo. Kwa orodha ya wateja wa mwanasheria, hapana.

Saa ya Kiswahili na saa ya simu

Hili wapitiaji wa nje hawaliandiki kwa sababu haliwahusu. Katibu anasikia "saa 3", anaandika 3:00, na kengele inalia usiku wa manane. Kalenda zote saba zinahesabu siku kutoka saa 6 usiku, si kutoka jua linapochomoza. Ujanja ni kuweka simu kwenye mfumo wa saa 24. Mchana kutwa, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, ongeza 6: saa 3 asubuhi ni 9:00, saa 10 jioni ni 16:00. Usiku kabla ya manane ongeza 18: saa 2 usiku ni 20:00. Kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi toa 6: basi la mkoani linaloondoka Kituo cha Magufuli saa 12 asubuhi liandikwe 6:00.

Balaa lipo kwenye usiku wa kuamkia. "Usiku wa kuamkia Jumapili, saa 7" ni Jumapili 1:00 kwenye simu, wala si Jumamosi. Ukikosea hapo, mtu wa kwenda kupokea mgeni uwanja wa ndege anawahi kwa siku nzima na kumkosa.

Wenye ndugu Uingereza wawe macho: huko saa husogezwa mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba, hapa haisogei. Kikao kilichowekwa na aliye London kwa saa za London kitahama kwenye simu yako kwa saa moja bila mtu kukigusa. Mwambieni aliye Dar ndiye akiweke.

Sikukuu za Idi pia zisitegemewe kwenye kalenda ya sikukuu iliyokuja na simu. Tarehe yake ni ya makadirio hadi mwezi uandame.

iCloud, Outlook na TimeTree

iCloud inakuruhusu kuunda kalenda mpya na kuishirikisha moja kwa moja kwenye iPhone, bila kompyuta, na kila mtu unampa kutazama tu au kuhariri. Ni nadhifu. Lakini haina ngazi ya "ana nafasi au hana" kwa uwazi wa Google, na mwenye Tecno atabaki pembeni akitazama kupitia kiungo cha umma, ambacho ni wazi kwa kila aliyekipata. Jambo moja linawachanganya hata wajuzi: ule ulinzi wa juu wa data ambao Apple waliuleta Desemba 2022 hauihusu kalenda. Picha na madokezo yakifungwa kwa funguo zako, kalenda, barua pepe na namba za simu hubaki nje ya ulinzi huo kwa sababu lazima ziongee na mifumo mingine. Usiandike siri kwenye kalenda ukidhani umeshawasha kila kitu. Na iPhone ya mtumba ambayo bado ina akaunti ya iCloud ya mwenye zamani usiitumie kwa kalenda hadi akaunti hiyo itoke.

Outlook ina ngazi nzuri kuliko zote kwa ofisi. Kati ya "ana shughuli" na "maelezo yote" imeweka ngazi inayoonyesha kichwa na mahali tu. Ila akaunti ya kazini ina mwenyewe, na si wewe. Msimamizi wa mifumo ya kampuni ana njia za kufika kwenye kalenda yako, iwe Outlook au Google ya kazini, na siku ukiacha kazi inabaki kwao. Miadi ya daktari isikae humo. Andika "Sipo" kazini, maelezo yaache kwenye akaunti yako.

TimeTree ya Japani imetengenezwa kwa kushirikiana tangu mwanzo. Unaunda kalenda, unatuma kiungo WhatsApp, mwenzako anajiunga, na kila tukio lina sehemu yake ya maongezi. Hakuna iliyo rahisi kuliko hii kumfundisha mtu asiyependa teknolojia. Ila wanachama huona karibu kila kilichomo, na toleo la bure lina matangazo. Kiungo cha mwaliko kikisambaa kwenye grupu la watu 80, wewe ndiye utakayekagua wanachama mmoja mmoja. Wawili, watatu, sawa. Kamati, la.

Proton na Tuta: unalipia kufuli

Hizi mbili zinatumia usimbaji fiche wa mwanzo hadi mwisho: maneno hufungwa kwenye simu yako, hufunguliwa kwenye simu ya mwenzako, na seva ya katikati hubeba kifurushi kilichofungwa. Proton ni ya Uswisi, Tuta ni ya Hannover, Ujerumani, na hadi 2023 iliitwa Tutanota.

Proton hufunga kichwa cha tukio, maelezo, mahali na washiriki. Muda wa kuanza na kumalizika haufungwi, kwa hiyo tabia yako ya kila Jumatano bado ina alama, ingawa haina jina. Tuta inakwenda mbele zaidi na kufunga hata vikumbusho. Zote mbili hazijiungi na kalenda ya ndani ya simu, jambo ambalo watumiaji hulilalamikia na sisi tunalipenda: programu nyingine haziwezi kuzisoma.

Kasoro ni za kweli. Kushirikiana kalenda kunahitaji mpango wa kulipia. Bei hubadilika, lakini jipangie kati ya euro 3 na dola 5 kwa mwezi, ukilipia mwaka mzima ili upate nafuu, na utahitaji kadi ya benki au kadi pepe ya mtandao wa simu inayokubali malipo ya nje. Wenzako pia lazima wawe na akaunti huko. Ukimwalika mtu wa Gmail, mwaliko hutoka kama barua pepe ya kawaida na kufuli limeishia hapo. Na ukisahau neno la siri, hakuna wa kumpigia. Proton hukupa maneno 12 ya kurejesha, Tuta hukupa msimbo mrefu. Yaandike kwenye karatasi, ikae na hati ya kiwanja, usiipige picha. Akaunti ya bure ya Tuta isiyofunguliwa kwa miezi 6 hufutwa, kwa hiyo usiitumie kama stoo.

Kwa zahanati binafsi au ofisi ya uwakili yenye watu watano, gharama hiyo ni ndogo ukilinganisha na mteja mmoja kuanikwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kalenda yenye jina la mgonjwa na namba yake ya simu ni mkusanyiko wa taarifa kama faili lolote la kabatini.

Nextcloud tuipite haraka. Unaiweka kwenye seva yako au ya kukodi, simu za Android unaziunganisha kwa programu ya DAVx5, na data iko mikononi mwako. Lakini kwa kawaida msimamizi wa seva anaweza kusoma kalenda, kwa hiyo umehamisha imani kutoka Google kwenda kwa kijana wa IT. Kama unamwamini na ana nakala rudufu siku umeme ukileta shida, endelea.

Simu yenyewe

Kwenye Android, ruhusa ya kalenda ni ya jumla: programu ukiikubalia inasoma kalenda zote zilizosawazishwa na simu, yako na ya kamati. Programu ya mikopo au ya tochi haina haja nayo. Ingia mipangilio, faragha, msimamizi wa ruhusa, kalenda, na unyang'anye zote isipokuwa zile unazozijua kwa jina. iPhone yenye iOS 17 na kuendelea inakuruhusu kuipa programu nusu ya ruhusa: kuongeza matukio bila kuyasoma.

Skrini iliyofungwa ndiyo inayoongoza kwa kuchungulisha. Kwenye mipangilio ya arifa chagua kuficha maudhui nyeti, halafu jitumie kikumbusho cha dakika moja na uangalie kama kichwa kinaonekana. Kama bado kinaonekana, zima arifa za kalenda kwenye skrini hiyo kabisa.

Tecno na Infinix zina ugonjwa wake: mfumo wa kubana betri huua programu zikiwa nyuma, kikumbusho kikagoma kulia. Nenda betri, chagua programu ya kalenda, iondolee vizuizi, na kwenye programu ya usimamizi wa simu iruhusu ijiwashe yenyewe. Kama umewasha kubana matumizi ya data, iweke kalenda kwenye orodha ya zilizosamehewa.

Mfano: kamati ya harusi ya watu 40

Mwenyekiti anaunda kalenda "Kamati" kwa Google. Katibu anapata ngazi ya tatu, mweka hazina ngazi ya pili. Wajumbe wengine hawaalikwi kwa barua pepe hata mmoja. Wanatangaziwa kila kikao kwenye grupu, kwa kipengele cha matukio cha WhatsApp, ambacho kimefungwa mwanzo hadi mwisho kama ujumbe wenyewe. Tukio linasomeka "Kikao cha 4, 17:00" na jina la ukumbi. Michango, ahadi na majina ya waliochelewa kutoa havigusi kalenda: hivyo vikae kwenye daftari la mweka hazina. Namba ya simu ya mshereheshaji au mpambaji isiandikwe kwenye maelezo ya tukio, maana kalenda hii itaishi miaka mitatu baada ya harusi kama hakuna atakayeifuta.

Katibu akifuta kikao kwa bahati mbaya kimefutika kwa wote. Google hukiweka kwenye pipa kwa siku 30, na pipa hilo unalifungua kwenye kivinjari.

Kumtoa mtu

Wachumba huachana, wafanyakazi huondoka, kamati huvunjwa. Anza kwa kumwondoa kwenye orodha ya walioshirikishwa. Weka upya anwani ya siri ya iCal, hata kama hukumbuki kuitoa. Fungua orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti yako na utoe usivyovitambua, kisha badili neno la siri, kwa mpangilio huo. Alichokwisha kunakili au kupiga picha hakirudi, kwa hiyo pitia matukio ya miezi ijayo na uhamishe yale ambayo muda na mahali pake anapajua. Simu ya zamani kabla haijapelekwa Kariakoo, toa akaunti kwanza kwenye mipangilio, halafu ndiyo uifute yote. Ukianza na kufuta, kufuli la Google linaweza kuidai akaunti yako ileile, na mnunuzi akakupigia simu akitaka neno la siri. Usimpe, mwambie airudishe uiondoe mwenyewe.